Setilaiti haikai zamu: kwa nini volkano bado inahitaji rada ya ardhini

Tangu setilaiti ya rada ya NISAR irushwe kutoka Sriharikota, India, tarehe 30 Julai 2025, kuna hoja inarudi kila volkano inapotajwa mtandaoni, kwamba sasa rada ipo angani, inapenya mawingu, inaona usiku, inapita juu ya kila mlima na data yake ni ya bure, kwa hiyo kuendelea kufunga rada ardhini karibu na volkano ni kupoteza hela. Hayli Gubbi ya kule Afar, Ethiopia, ilipolipuka tarehe 23 Novemba 2025 hoja hiyo ikapata nguvu zaidi, maana mlima ule haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kulipuka, halafu ghafla ukarusha jivu hadi kama kilomita 14 juu, jivu likavuka Bahari ya Shamu, likapita Yemen na Oman, likafika mpaka Pakistan na kaskazini mwa India, ndege zikafutiwa safari, na dunia nzima ikalifuatilia kwa picha za setilaiti. Watu wakasema si mmeona wenyewe, kazi imekwisha, angani inatosha.

Mimi naona hapo mambo yamechanganywa. Rada ya setilaiti na rada ya ardhini zinatumia mawimbi ya aina moja lakini zinajibu maswali mawili tofauti. Ya angani inakwambia ardhi imesogea kiasi gani tangu ilipopita mara ya mwisho. Ya ardhini inakwambia mlima unafanya nini dakika hii, jivu limefika urefu gani, linatoka kwa nguvu kiasi gani, ubavu wa mlima unateleza au umetulia. Na maamuzi ya volkano yanayogusa uhai wa watu, yaani kufunga anga, kuhamisha kijiji, kuwaambia watu watoke ufukweni, karibu yote hufanywa ndani ya dakika na saa. Nchi ikiua rada zake za ardhini kwa sababu NISAR ipo, itakuwa inajua vizuri sana kilichotokea juzi na haijui kinachotokea sasa hivi.

Tuanze na kinachofanywa na ile ya angani, kwa sababu sitaki ionekane naidharau. NISAR ni mradi wa pamoja wa NASA na shirika la anga la India, ISRO. Ina antena ya mita 12 kwa kipenyo, iko kwenye kimo cha kama kilomita 747, na inarudia njia ileile kila siku 12, kwa hiyo sehemu nyingi za nchi kavu zinapigwa picha mara mbili ndani ya hizo siku 12, mara moja ikipanda kaskazini na mara moja ikishuka kusini. Wataalamu wanachukua picha mbili za tarehe tofauti, wanalinganisha mawimbi yalivyorudi, na pale yalipotofautiana wanajua ardhi imeinuka, imeshuka au imesogea, hata kwa sentimita chache tu. Faida yake kubwa kuliko Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, ni kwamba rada yake ya upande wa NASA inatumia wimbi la kama sentimita 24, na wimbi refu hivyo linapenya majani na matawi, kwa hiyo volkano za ukanda wa tropiki zilizofunikwa na msitu, ambazo Sentinel-1 yenye wimbi la kama sentimita 5 na nusu ilikuwa ikizisoma kwa shida, sasa zitasomeka vizuri zaidi. Hilo ni jambo kubwa. Kuna milima mingi tu duniani isiyo na kifaa hata kimoja, na kwa milima hiyo NISAR itakuwa ndo macho ya kwanza kabisa.

Na ushahidi wa rada za angani kuokoa watu upo. Merapi ya Indonesia mwaka 2010 ilikuwa imezibwa na mawingu, kamera hazioni kitu, lakini rada za setilaiti kadhaa za kibiashara na za serikali zilielekezwa pale kwa dharura, zikaonyesha kuba la lava, yaani rundo la lava nzito linalojijenga kileleni, linakua haraka kupita kawaida kule juu. Taarifa hizo ziliungana na za seismomita, yaani vifaa vya kupima mitetemo ya ardhi, wataalamu wa Indonesia wakapanua eneo la kuhamisha watu kabla ya mlipuko mkubwa wa usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba. Waliokufa katika tukio zima walizidi 300, ni wengi na inauma, ila uchambuzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba waliookolewa ni kati ya 10,000 na 20,000. Anayesema setilaiti ni mapambo hajaisoma Merapi. Lakini angalia vizuri kilichofanyika pale: setilaiti nyingi zilikusanywa juu ya mlima mmoja kwa dharura, na kwa bahati mlima ulijijenga polepole kwa siku kadhaa kiasi cha kuwapa watu muda wa kupokea picha, kuzisoma na kuamua. Volkano nyingi hazitoi nafasi hiyo.

Sasa tuje chini. Watu wakisikia rada ya volkano wanafikiri ni kifaa cha aina moja, kumbe ni familia nzima. Kuna rada ya kawaida ya hali ya hewa, ile inayofuatilia mvua, ambayo mlima ukilipuka inaiona nguzo ya jivu kama inavyoona wingu la mvua. Kuna rada ndogo za Doppler zinazoelekezwa moja kwa moja juu ya tundu la volkano kupima kasi ya mawe na jivu vinavyotoka. Kuna rada zinazowekwa ng'ambo ya ubavu wa mlima kupima ubavu huo unavyoteleza milimita kwa milimita. Na kuna za wimbi fupi sana, la milimita 3 hivi, zinazochora umbo la kuba la lava hata likiwa ndani ya ukungu, kama ile iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha St Andrews na kupelekwa Soufrière Hills kisiwani Montserrat, mlima ambao kilele chake hupotea kwenye mawingu muda mwingi.

Ya hali ya hewa ndo yenye historia ndefu na ndo ninayoitetea kwa nguvu zaidi kwa sababu mara nyingi ipo tayari, imeshalipiwa. Mount St. Helens ilipolipuka Mei 18, 1980, rada za hali ya hewa za Marekani zililifuata wingu la jivu. Hekla ya Iceland mwaka 2000 ilionekana kwenye rada ya Keflavík. Halafu ikaja Eyjafjallajökull mwaka 2010, ambayo kila mtu anaikumbuka kwa sababu anga ya Ulaya ilifungwa karibu wiki nzima na safari za ndege kama 100,000 zikafutwa. Wakati ule Iceland ilikuwa na rada moja tu ya hali ya hewa nchi nzima, ileile ya Keflavík, kilomita kama 155 kutoka mlimani, na rada hiyo moja ndo ilikuwa ikitoa urefu wa nguzo ya jivu kila dakika 5, mchana na usiku.

Kwa nini urefu wa nguzo una uzito hivyo? Kwa sababu kompyuta zinazotabiri jivu litaelekea wapi zinataka kujua mlima unatoa jivu kiasi gani kwa sekunde, na hakuna anayeweza kwenda kulipima mdomoni. Njia inayotumika ni kuanzia kwenye urefu, maana kiasi cha jivu kinapanda takriban kwa urefu kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Fanya hesabu ndogo tu: nguzo ina kilomita 10 kweli, wewe ukasema 8, makosa yako ya kilomita 2 yanakufanya upunguze kiasi cha jivu kwa karibu mara mbili na nusu. Kosa hilo linaingia kwenye ramani, ramani inaenda kwa marubani na kwa wanaofunga viwanja, na mwisho wake ama unafunga anga bure ama unaacha ndege ziingie mahali pasipofaa. Na tunajua kinachotokea ndege ikiingia. Mwaka 1982 ndege ya British Airways iliingia kwenye jivu la Galunggung, Indonesia, injini zote nne zikazima, na tarehe 15 Desemba 1989 ya KLM ikapata yaleyale kwenye jivu la Redoubt, Alaska. Zote zilitua salama baada ya injini kuwaka tena, ila rada zilizokuwa kwenye pua za ndege hizo hazikuwasaidia marubani, kwa sababu rada ya ndege imetengenezwa kuona unyevu wa dhoruba, jivu laini na kavu hailioni.

Hapo kuna mtu atasema, sawa, kama rada ya ndege haikuliona jivu basi rada ya ardhini italionaje? Swali zuri, na jibu lake ndo kiini cha jambo lote. Mwangwi unaorudi kwenye rada unategemea ukubwa wa chembe kwa namna ya ajabu, yaani kipenyo kuzidishwa chenyewe kwa chenyewe mara sita. Chembe moja ya milimita 2 inarudisha mwangwi sawa na chembe milioni moja za milimita 0.2. Kwa hiyo karibu na mlima, ambako bado kuna changarawe, mawe madogo, jivu zito na mara nyingi maji na barafu vilivyonasa jivu, rada inaona vizuri sana. Jivu likishasafiri masaa mengi, vizito vikaanguka, likabaki vumbi la mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) linaloelea maelfu ya kilomita, rada haioni kitu, na hapo kazi inakuwa ya setilaiti zenye macho ya joto, za infraredi. Ukiielewa hesabu hiyo moja tu unaona kwamba mabishano ya rada ya ardhini dhidi ya setilaiti hayana msingi, maana kila moja inaishia pale mwenzake anapoanzia.

Urefu wa wimbi nao una siasa zake. Ukitaka kupenya katikati ya nguzo nzito ya mlipuko unahitaji wimbi refu. Wafaransa wa Clermont-Ferrand wamefanya hivyo kwenye Etna, Italia, rada yao ya VOLDORAD ina wimbi la sentimita 23.5, imefungwa La Montagnola kama kilomita 3 kutoka kasoko za kileleni tangu mwaka 2009, imeelekezwa juu ya kasoko muda wote, inasoma anga ya pale kwa vipande vya mita 150, mara kadhaa kwa sekunde. Haijali mvua wala mawingu. Kasi ya vitu vinavyoruka inapatikana papo hapo, na ukijua kasi na nguvu ya mwangwi unaweza kukadiria mlima unatoa kiasi gani bila kusubiri nguzo ifike juu. Ila wimbi refu hivyo linaona mabomu na changarawe, jivu laini linaliacha. Wajerumani wa Hamburg wao walichukua rada ndogo ya kupimia mvua, ya gigahezi 24, yaani wimbi la sentimita moja na kidogo, wakaibadilisha na kuipeleka Stromboli ya Italia, Erebus ya Antaktika na Merapi, inaona chembe ndogo zaidi na ni nyepesi kubeba, lakini mvua kubwa inaisumbua. Hakuna wimbi moja linalofaa kwa kila kitu, na anayeuza rada akikwambia lipo, muulize mwangwi wa jivu la mikroni 50 kwenye kilomita 100 anaupata vipi.

Sehemu ninayotaka tuitazame kwa karibu ni Redoubt ya mwaka 2009, kwa sababu inaonyesha rada ikitumika na watu waliojiandaa. Mlima ulianza kutikisika mwanzoni mwa mwaka, na shirika la jiolojia la Marekani, USGS, likafunga rada ya Doppler mjini Kenai, kilomita kama 82 kutoka mlimani, kabla milipuko haijaanza mwezi Machi. Rada ya hali ya hewa ya kawaida inazunguka nyuzi zote 360, inainua antena kidogo, inazunguka tena, na mzunguko mzima unaweza kula dakika 5 hadi 10. Wale wa Kenai walikuwa na mlima mmoja tu wa kuangalia, kwa hiyo wakaipangia rada ipepese kipande cha nyuzi 45 tu kuelekea Redoubt, ikipanda ngazi kwa ngazi kutoka chini hadi juu, na kazi yote ikawa inakamilika kwa dakika moja na nusu hivi. Kwenye skrini dhoruba ya kawaida inakuja kutoka pembeni na inasogea na upepo. Mlipuko unatokea mahali palepale penye mlima, doa linazaliwa kwenye ngazi ya chini, skani inayofuata limepanda ngazi kadhaa, skani ya tatu limefika juu na kuanza kutanuka, huku mguu wake ukiwa haujasogea. Mtu aliyezoea anatambua ndani ya skani mbili. Ilinasa karibu milipuko yote mikubwa ya kipindi kile, mingi ikiwa ya usiku au mlima umefunikwa na mawingu, na nguzo zilizopimwa zilifika kati ya kilomita 9 na 19. Setilaiti inayopita kila siku 12 ingekuwa wapi katika dakika hizo tatu?

Kuna hoja ya upande wa pili iliyo na nguvu kuliko hiyo ya NISAR, na ajabu ni kwamba wanaobishana hawaitumii. Setilaiti zilizoifuatilia Hayli Gubbi si za aina ya NISAR kabisa. Zile picha zilizozunguka za wingu la jivu likivuka bahari ni za setilaiti za hali ya hewa zilizosimama sehemu moja juu ya ikweta, kwenye kimo cha kama kilomita 36,000, kama Meteosat, ambazo hupiga picha kila dakika 15 au chini ya hapo. Hizi kweli zinashindana na rada kwa muda, na kwa mlima ulio jangwani kama ule, anga kavu, hakuna rada jirani, hizo ndo zilizokuwepo na zilifanya kazi, kituo cha Toulouse kinachoshauri usafiri wa anga kuhusu jivu kikatoa tahadhari zake. Nakubali hilo bila shida yoyote. Lakini setilaiti hizo zinapima urefu kwa kusoma ubaridi wa juu ya wingu, na nguzo ikishafika mpaka wa stratosfia, tabaka la anga ambako ubaridi huacha kuongezeka na joto huanza kupanda tena, ubaridi huohuo unaweza kuwa wa kimo zaidi ya kimoja, kwa hiyo kosa la kilomita kadhaa linakuwa rahisi kutokea palepale ambapo tumeona kosa la kilomita 2 linafanya nini. Na mlima mfupi ukitoa nguzo ya kilomita 5 chini ya mawingu mazito ya masika, setilaiti inaona mawingu tu. Watu walio chini ya mawingu hayo wananyeshewa jivu na hakuna kituo kinachojua.

Tugeukie ubavu wa mlima, ambako tofauti ya siku 12 na dakika inaonekana hata kwa mtu asiyejali hesabu. Tarehe 30 Desemba 2002 sehemu ya Sciara del Fuoco, ule mteremko mkali wa Stromboli unaoingia baharini, iliporomoka na kuleta tsunami iliyopiga vijiji vya kisiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2003 Waitaliano wakafunga rada ya kupima msogeo kwenye ardhi imara pembeni ya mteremko ule. Rada yenyewe inateleza kwenye reli fupi, inapiga mteremko wote, inarudi, na kila baada ya dakika 11 au 12 inatoa ramani inayoonyesha kila kipande kimesogea milimita ngapi. Mwaka 2007 ilionyesha eneo la kasoko likiongeza mwendo wiki kadhaa kabla lava haijaanza kutoka tarehe 27 Februari, na lava ilipotoka wakawa na uwezo wa kufuatilia mteremko skani kwa skani wakijua lini una hatari ya kuporomoka tena.

Linganisha na Anak Krakatau, kisiwa cha volkano cha Indonesia. Tarehe 22 Desemba 2018, usiku, ubavu wa kusini magharibi wa kisiwa kile uliporomoka baharini, tsunami ikapiga pwani za Java na Sumatra bila onyo, watu zaidi ya 400 wakafa. Baadaye watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za Sentinel-1 na kukuta kwamba ubavu uleule ulikuwa unateleza polepole tangu Januari ya mwaka huo. Data ilikuwepo, ya bure, imekaa kwenye seva. Sisemi kwamba rada ya ardhini ingezuia vifo, kwa sababu kupata mahali pa kuifunga karibu na kisiwa kama kile ni tatizo lenyewe, na mteremko unaoteleza kwa miezi hauna tarehe ya kuporomoka iliyoandikwa popote. Ninachosema ni kwamba hoja ya kuwa data ni ya bure na iko angani, ambayo ndo inarudiwa kuliko zote, ndo dhaifu kuliko zote. Data ya bure isiyo na mtu wa kuisoma kila siku, na isiyokuja kwa kasi ya tukio, haimlindi mtu aliyelala ufukweni. Halafu gharama ya uchunguzi wa volkano haijawahi kuwa data peke yake, ni watu, umeme, intaneti, spea na mishahara, na vitu hivyo setilaiti haivipunguzi hata kidogo. Tuliona Goma, kituo cha uchunguzi wa volkano kilikuwa na hali mbaya ya fedha kabla ya Nyiragongo kulipuka Mei 22, 2021, na Sentinel-1 ilikuwa inapita juu yake muda wote.

Hiyo Nyiragongo inabidi niitumie pia dhidi ya upande wangu, maana kuna wanaopenda rada za ardhini wanaoahidi visivyowezekana, kwamba ukifunga rada utajua mlima utalipuka lini. Hapana jamani. Nyiragongo ilifungua ubavu na lava ikashuka kuelekea mjini jioni ileile, bila ardhi kuonyesha uvimbe wowote wa kupimika kabla, si kwa rada ya angani wala kwa vifaa vya ardhini. Rada ya setilaiti ilikuja kuwa na thamani kubwa baada ya hapo, ilipoonyesha magma, yaani lava iliyo bado chini ya ardhi, imejipenyeza chini ya mji wa Goma mpaka chini ya Ziwa Kivu. Na Stromboli yenyewe, pamoja na rada na kila kitu, tarehe 3 Julai 2019 ililipuka ghafla na kuua mtu aliyekuwa akitembea mlimani. Rada ya ardhini inaona kilichoanza. Ikikaa vizuri inakupa dakika za mwanzo, na dakika za mwanzo zinatosha kugeuza ndege, kupiga king'ora, kuwaambia watu jivu linakuja upande gani na baada ya muda gani. Anayeiuza kama mtabiri anaiharibia, kwa sababu mlima wa kwanza utakaolipuka bila kutabiriwa ndo utakuwa sababu ya kukata bajeti yake.

Hoja ya gharama na matengenezo naiheshimu zaidi. Rada ni antena inayozunguka, ina mota, ina taa na vifaa vya umeme mkubwa vinavyochoka, inakaa mlimani kwenye radi na upepo, na nchi kibao zimefungiwa rada kwa msaada ikafanya kazi miaka michache ikasimama kwa kukosa kifaa kimoja. Halafu kuna jiometri, dunia ni duara, boriti ya rada, yaani mwale wake, inaenda mbali inaacha ardhi chini yake. Ile ya Keflavík ikiangalia Eyjafjallajökull kutoka kilomita 155, boriti yake ya chini kabisa ilikuwa tayari karibu kilomita 3 juu ya usawa wa bahari, na unene wa boriti pale umbali ule umeshazidi kilomita 2, kwa hiyo nguzo fupi ilikuwa inapita chini yake na nguzo ndefu inapimwa kwa ngazi kubwa kubwa. Jivu na mvua pia vinachanganyikana kwenye mwangwi, ingawa rada za sasa zinazotuma mawimbi ya wima na ya mlalo kwa pamoja zinasaidia, maana tone kubwa la mvua likianguka linabonyea na kuwa pana, na chembe ya jivu inabingirika ovyo, tofauti hiyo inaonekana. Matatizo haya yote ni ya kweli. Yote pia yana dawa inayojulikana, tofauti na tatizo la setilaiti kuwa upande mwingine wa dunia mlima unapolipuka.

Iceland walijifunza kwa haraka sana na naona huko ndo kuna mfano wa kuiga. Baada ya 2010 waliazima kutoka kwa idara ya ulinzi wa raia ya Italia rada ndogo ya kuvutwa kwa gari, na Grímsvötn ilipolipuka tarehe 21 Mei 2011 ikirusha nguzo ya kama kilomita 20, rada ya Keflavík ilikuwa kilomita 257 kutoka pale, mbali mno kwa vipimo vya uhakika, ila ile ya kuazima iliwekwa Kirkjubæjarklaustur, kilomita 75 tu kutoka mlimani. Mwaka 2012 wakafunga rada ya pili ya kudumu upande wa mashariki. Rada iliyo kwenye magurudumu inaenda kwenye mlima ulioanza kutikisika, mlima ukitulia inarudi kufuatilia mvua na mafuriko, na hapo hoja ya kwamba rada moja ni ya mlima mmoja inapungua nguvu sana. Nchi jirani zenye volkano zinaweza hata kuchangia moja.

Lakini kabla hata ya kununua chochote kuna kazi ya bei ndogo ambayo nchi nyingi hazijaifanya. Rada ya hali ya hewa mara nyingi iko wizara moja, na wachunguzi wa volkano wako wizara nyingine, na kati yao hakuna karatasi yoyote iliyosainiwa. Rada nyingi pia zimepangwa kuchuja kila mwangwi usiosogea, kwa sababu kwa mtu wa mvua mwangwi uliosimama mahali pamoja ni mlima au jengo tu, kwa hiyo dakika za kwanza za nguzo ya jivu, ambayo mguu wake haujasogea, zinaweza kupunguzwa au kufutwa na programu kabla hazijafika kwenye skrini ya mtu yeyote. Inabidi data ghafi itunzwe na ifike kwa watu wa volkano. Inabidi kuwe na mpangilio wa skani wa pili, umeshaandikwa na kujaribiwa, wa kupepesa upande wa mlima tu, na ijulikane nani ana ruhusa ya kuuwasha saa nane za usiku bila kusubiri barua. Mtu wa zamu ya usiku kwenye kituo cha hali ya hewa aonyeshwe skani za Redoubt na za Eyjafjallajökull ili akiona doa linapanda bila kusogea ajue ni kitu gani na ampigie nani. Na upande wa pili, wanaosoma NISAR na Sentinel-1 wakiona ardhi inavimba mahali, taarifa hiyo ndo iamue ile rada ya magurudumu iende mlima gani, mapema, barabara zikiwa bado zinapitika.